Reli Mbili za Wimbo Mmoja: Santuri za Morogoro na Wasikilizaji wa Bonde la Kilombero

Wimbo unaovuma hupitia kazi mbili ambazo wasomaji wa historia ya muziki aghalabu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni ya kuutengeneza, yaani kutunga, kufanya mazoezi, kurekodi na kuchapa santuri. Ya pili ni ya kuupokea, ambapo watu wasiomjua mtunzi wanauchukua wimbo, wanauimba shambani, wanauomba redioni na kuupa maana inayolingana na maisha yao. Kazi ya kwanza huacha majina na tarehe, kwa hiyo ndiyo inayoandikwa zaidi, ilhali ya pili huacha kumbukumbu vichwani mwa watu na hupotea wanapofariki. Sura hii inazifuata zote mbili kwa kuangalia nyimbo za bendi za Morogoro, hasa zile za Mbaraka Mwinshehe, na safari ya nyimbo hizo hadi bonde la Kilombero, ambalo ni sehemu ya mkoa huohuo. Hoja yake ni kwamba Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 ilijenga mfumo imara wa kuvumisha nyimbo bila kujenga mfumo wa kuchapa na kuuza santuri, na kwamba pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini wanamuziki wake walipata sifa kubwa na malipo madogo.

Chombo chenyewe kinahitaji kuelezwa kwanza. Santuri ndogo ya upana wa inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949 na kampuni ya RCA Victor, nayo ilibeba wimbo mmoja kila upande, kwa kawaida wa dakika tatu hadi nne. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya santuri kubwa, haikuvunjika kirahisi kama zile za zamani, na iliweza kutumika katika mashine za kulipia zilizowekwa kwenye mabaa, na kwa sababu hizo vijana waliifanya kuwa yao. Muziki wa roki, yaani ule uliojengwa juu ya gitaa la umeme na mapigo mazito ya ngoma, ulienea duniani kwa kupanda santuri hiyo. Hata hivyo mfano wa roki maarufu kuliko zote za mwanzo unaonyesha kwamba santuri peke yake haikutosha. "Rock Around the Clock" ya Bill Haley na kundi lake ilitolewa mwaka 1954 ikiwa upande wa pili wa santuri, na haikuvuma sana mpaka mwaka uliofuata, ilipotumika kufungulia filamu ya *Blackboard Jungle*. Wimbo ulikuwa uleule na santuri ileile. Kilichobadilika ni njia iliyoufikisha masikioni mwa watu.

Kwa mwanamuziki wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, njia ya kufikia santuri ilipita Nairobi. Mji huo ulikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu miaka ya 1950, pamoja na studio na wafanyabiashara waliouza muziki kuanzia Kampala hadi pwani, wakati Dar es Salaam haikuwa na kiwanda cha namna hiyo. Utaratibu wa kutengeneza santuri ulikuwa na hatua nyingi. Bendi ilipiga wimbo wote kwa pamoja mbele ya vinasa sauti vichache, na sauti ikahifadhiwa kwenye mkanda wa sumaku. Kutoka kwenye mkanda, fundi alichonga mfereji wa sauti juu ya sahani laini. Sahani hiyo ikapakwa madini ili kupata muhuri wa chuma. Na muhuri huo ndio uliogandamiza plastiki ya moto, nakala baada ya nakala. Yeyote aliyemiliki muhuri na mkanda ndiye aliyemiliki uwezo wa kuchapa tena. Mwanamuziki aliyerudi nyumbani na nauli, malipo ya siku ya kurekodi na nakala chache za kazi yake alikuwa ameacha nyuma kile ambacho kingeweza kumlisha kwa miaka mingi.

Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru na kwenye Reli ya Kati, ulikuwa na utajiri wa muziki uliopita ukubwa wake. Morogoro Jazz Band iliundwa mwaka 1944. Mshindani wake, Cuban Marimba, iliongozwa na Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, na jina la bendi linatangaza chanzo cha mapenzi yake, kwa kuwa santuri za Kuba zilizoingia Afrika Mashariki zilikuwa shule ya kwanza ya wapigaji wengi wa dansi. Neno "jazz" katika majina ya bendi za wakati huo halikumaanisha jazi ya Wamarekani Weusi. Lilimaanisha tu bendi ya kisasa yenye magitaa na ala za kupuliza. Ushindani wa bendi hizo mbili uliugawa mji katika pande mbili za mashabiki, na ulizilazimisha kutunga nyimbo mpya bila kupumzika. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Katika miaka hiyohiyo Morogoro Jazz ilimpokea kijana aliyezaliwa tarehe 27 Juni 1944, Mbaraka Mwinshehe Mwaluka, ambaye alikuwa mpiga solo, mtunzi na mwimbaji kwa pamoja.

Umoja huo wa kazi tatu katika mtu mmoja ndio uliozipa nyimbo zake sura yake. Katika bendi ya dansi magitaa hugawana majukumu: gitaa la besi hushika msingi, gitaa la rithimu hurudia mapigo yanayowaweka wachezaji kwenye mwendo mmoja, na gitaa la solo hupanda juu, likijibizana na mwimbaji. Kwa kuwa Mbaraka aliimba na kupiga solo, jibu la gitaa lilitoka kwa mtu yuleyule aliyeuliza swali kwa sauti, na msikilizaji alisikia mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Wimbo wa namna hii ulikuwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza, yenye mwendo wa pole, mwimbaji alieleza kisa chake; katika ya pili, ambayo wanamuziki waliiita chemko, maneno yalipungua, magitaa yakaongeza kasi na ukumbi ukaachiwa wachezaji. Santuri ya inchi 7 haikuweza kubeba wimbo mzima wa ukumbini upande mmoja, kwa hiyo ilikuwa desturi kuukata wimbo na kuuendeleza upande wa pili. Mwenye gramafoni alilazimika kuinuka na kuigeuza santuri palepale miguu ilipoanza kuwaka.

Bendi zilijitofautisha kwa mtindo, yaani jina lililoambatana na mapigo na namna ya kucheza ambayo bendi ilidai kuwa ni yake peke yake. Morogoro Jazz ilitumia majina ya Sululu na Likembe. Mbaraka alipoondoka mwaka 1973 na kuunda Orchestra Super Volcano, alipeleka mashabiki wake kwenye mtindo wa Masika. Mtindo ulikuwa pia alama ya biashara katika nchi ambayo bendi zake zilipata riziki kwa kiingilio cha mlangoni, kwa kuwa mtu alilipa ili kucheza Sululu au Masika, na santuri ilimkumbusha tu kile alichokiona ukumbini.

Siasa ya utamaduni nayo iliingia ndani ya nyimbo. Katika hotuba aliyoitoa Desemba 1962 alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na alisikitika kwamba wasomi wengi walijifunza kucheza rumba, chachacha, twist na roki huku wakizionea haya ngoma za makabila yao. Miaka saba baadaye, mwezi Novemba 1969, viongozi wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul. Bendi za dansi, ambazo asili yake ilikuwa rumba ileile iliyotajwa katika hotuba, zilinusurika kwa sababu ziliimba Kiswahili na zilikubali kubeba mambo ya taifa. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipouawa Ismani siku ya Krismasi mwaka 1971 katika mgogoro uliotokana na kilimo cha ujamaa, Mbaraka alimwimbia wimbo wa maombolezo. Kwa watu wa Kilombero, ambao Iringa kwao iko ng'ambo tu ya milima ya Udzungwa, msiba ule haukuwa habari ya mbali.

Bonde lenyewe lilikuwa linabadilika kwa kasi isiyowahi kuonekana. Mto Kilombero husambaa wakati wa mvua na kuunda uwanda mpana wa maji na tope jeusi linalofaa mpunga, na vijito vinavyoshuka kutoka Udzungwa, ukiwemo mto Lumemo ulioipa jina lake kata mojawapo ya Ifakara, huongeza mafuriko hayo. Kwa muda mrefu masika yaliwatenga wakazi na barabara, na safari ya kwenda Mahenge ilitegemea kivuko. Lakini katika miaka ya 1960 kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi upande wa kaskazini wa bonde, na tawi la Reli ya Kati likafika Kidatu. Kisha, kati ya 1970 na 1975, reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa mkopo na wataalamu wa China ikipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Vibarua wa kila kabila walikutana kwenye kambi na mashamba ya miwa, wakizungumza Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana, na wakipokea mshahara wa mwezi. Mshahara na lugha moja ndiyo masharti mawili ambayo dansi huyahitaji popote inapostawi.

Si kwamba muziki ulikuja mahali pakavu. Wapogoro na Wandamba walikuwa na ngoma zao, zikiwemo zile za sangula, na mtu aliyezoea kucheza ngoma katika duara la kijiji hakuhitaji kufundishwa kwamba wimbo ni kazi ya wengi. Alichoongezewa na bendi ni sauti ya mtu wa mbali inayozungumzia shida za karibu. Sauti hiyo ilifika mara chache kwa santuri, kwa kuwa gramafoni na santuri viligharimu fedha ambayo mkulima wa mpunga aliipata mara moja kwa mwaka. Ilifika zaidi kwa redio ya betri, ambayo mmoja aliinunua na majirani wote wakaisikiliza.

Hapa ndipo mfumo wa kuvumisha nyimbo ulipojionyesha. Shirika la utangazaji la Tanganyika liligeuzwa mwaka 1965 kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha serikali kilichosikika nchi nzima bila mshindani. Radio Tanzania ilialika bendi studioni, ikarekodi nyimbo zao kwenye mikanda, na kuzipiga katika vipindi vya muziki na vya salamu, ambamo wasikilizaji waliandika kadi wakiwataja ndugu na marafiki na kuomba wimbo. Kila salamu ilifunga kamba kati ya wimbo na majina ya watu halisi. Aliyesikia jina lake likitajwa kutoka Dar es Salaam kabla ya gitaa la Mbaraka kuanza hakuusikia wimbo huo tena kama wa Morogoro. Ulikuwa umeshakuwa wake, wa shangazi yake na wa kijiji chake. Lakini mikanda ya redio haikuuzwa. Wimbo ulioimbwa na nchi nzima uliweza kukosekana dukani kabisa, na bendi ilifaidika nao kwa njia moja tu, ambayo ni kujaza ukumbi siku itakapopita mjini.

Nguvu ya mfumo huo huonekana vizuri zaidi tunapoulinganisha na hatima ya roki. Vijana wa Dar es Salaam waliopenda magitaa yenye sauti kali hawakukosekana, na kundi lao mashuhuri, Sunburst, lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wanamuziki wa nchi kadhaa, lilichanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika katika mtindo waliouita Kitoto. Walirekodi Radio Tanzania mwaka 1973, wakatoa santuri ndogo, na mwaka 1976 wakarekodi albamu ya *Ave Africa* nchini Zambia, ambako makundi kama WITCH yalikuwa yameifanya roki kuwa muziki wa vijana wa migodini na mijini. Ilikuwa ni mwaka uleule ambao TAZARA ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia, lakini upande mmoja wa reli roki ilikuwa na hadhira kubwa, na upande wa pili ilibaki na wafuasi wachache wa mjini. Tofauti haikuletwa na uhodari wa wapigaji. Zambia ilikuwa na fedha ya shaba na soko la santuri lililoweza kulisha bendi ndogo. Tanzania ilikuwa na redio moja, kumbi za dansi na hadhira iliyotaka kuelewa kila neno. Roki iliyoimbwa kwa Kiingereza haikuwa na mahali pa kupenya katika kadi ya salamu ya mama wa Ifakara anayemwombea heri mwanawe aliye jeshini. *Ave Africa* ilisubiri hadi 2016 ndipo kampuni ya Strut ya Uingereza ilipoitoa upya pamoja na rekodi nyingine za kundi hilo, na sifa iliyoipata ikaja miaka 40 baada ya kazi.

Mbaraka kwa upande wake aliendelea kurekodi Nairobi, na nyimbo za Super Volcano zilitoka katika nembo ya Polydor. Kati ya hizo, "Shida" ndiyo iliyovuka mipaka yote na kubaki midomoni mwa watu wa Tanzania na Kenya hata leo. Sababu mojawapo iko katika neno lenyewe. Shida katika Kiswahili haichagui: ni njaa, ni deni, ni ugonjwa, ni mapenzi yaliyovunjika, ni kukosa nauli ya kwendea msibani. Mtunzi aliyeliweka neno hilo katikati ya wimbo aliacha mlango wazi, na kila msikilizaji aliingia na mzigo wake. Sababu ya pili ni wakati. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na nchi ikaingia vitani. Na katika miaka iliyofuata sukari, sabuni na mafuta viliadimika madukani. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya shida za mtu mmoja ulijikuta ukieleza hali ya taifa zima.

Januari 1979, wakati vita bado inaendelea, Mbaraka Mwinshehe alifariki katika ajali ya gari Mombasa akiwa na umri wa miaka 34. Alikufa katika nchi iliyochapa santuri zake, huku mpaka wa nchi iliyozipokea ukiwa umefungwa. Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa upya katika mfululizo wa santuri kubwa uliopewa jina la *Ukumbusho*, na baadaye kaseti zikafuata, nyingi zikiwa zimenakiliwa mitaani bila idhini ya yeyote. Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo Tanzania tangu 1966, lakini chombo cha kuisimamia kwa niaba ya wasanii, yaani COSOTA, kilipatikana tu baada ya sheria mpya ya 1999. Katika miongo mitatu iliyopita katikati, kuvuma kwa wimbo kulimaanisha tu kwamba watu wengi zaidi waliusikia bure.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuihukumu Radio Tanzania kama mnyonyaji. Bila mikanda yake, bendi nyingi zilizokosa nauli ya Nairobi zisingeacha hata wimbo mmoja, na bila matangazo yake wakulima wa Lumemo na wakata miwa wa Kidatu wasingekuwa na muziki wa dansi wa kuuita wao. Kilichokosekana ni kiungo kati ya mambo mawili yaliyofanywa vizuri, kila moja mahali pake. Mfano wake unaonekana ndani ya bonde hilohilo. Pale Kidatu Reli ya Kati, yenye upana wa milimita 1,000, ilikutana na TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, na kwa sababu ya tofauti ya milimita 67 hakuna behewa lililoweza kuhama kutoka reli moja kwenda nyingine. Mpaka kituo cha kuhamishia mizigo kilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1990, reli mbili za nchi moja zilitazamana bila kupeana mzigo. Wimbo wa Tanzania nao ulikuwa na reli mbili, ya redio iliyoufikisha kwa watu na ya santuri iliyoufikisha sokoni, na mwanamuziki alisimama katikati akiwa na mzigo wake mikononi.

Mikanda ya Radio Tanzania imerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na mikanda ya sumaku huchakaa hata isipoguswa. Kuihifadhi kwa njia za kidijitali, pamoja na majina ya waliopiga kila ala na malipo yanayowastahili warithi wao, ni sehemu ya kazi ya kwanza ambayo haijakamilika. Kazi ya pili ilikwisha kufanywa na wasikilizaji, ambao hawakuwa na santuri wala risiti, na ambao wameubeba wimbo kwa zaidi ya miaka 40 bila kuudondosha.